Jengo Jipya, Mshahara wa Njaa: Mafunzo ya Viwanda vya Hawassa

NCHI JIRANI: ETHIOPIA

Ukivuka mpaka pale Moyale na kuifuata barabara kuu iendayo Addis Ababa, baada ya mwendo wa kilometa zipatazo 500 utafika mji wa Hawassa. Mji huu uko kando ya ziwa lenye jina hilohilo, katika nchi ya Wasidama, wakulima wa kahawa na wa ensete, ule mmea ufananao na mgomba ambao wenyeji hupata chakula chao katika shina lake. Hapo, mwezi wa Julai 2016, serikali ya Ethiopia ilifungua eneo kubwa la viwanda vya nguo.

Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Kampuni ya ujenzi kutoka China iliyajenga mabanda ya kwanza kwa muda wa miezi tisa tu, na gharama ikafika karibu dola milioni 250. Uliwekwa mtambo wa kusafisha maji machafu yote ili yatumike tena, wala yasimwagwe ziwani. Wageni kutoka Ulaya, Asia na Marekani walitembezwa hapo wakaambiwa kwamba eneo hilo litaajiri watu 60,000. Magazeti yaliandika kwamba Afrika nayo sasa imeanza kuwa karakana ya dunia.

Miaka mitatu baadaye ilionekana kwamba wafanyakazi walikuwa wakitoka langoni karibu kwa kasi ileile waliyoingilia. Na miaka mitano na kitu baada ya kufunguliwa, mnunuzi mkubwa aliyewavuta wengine kuja Hawassa alitangaza kwamba anafunga kiwanda chake.

Ndugu msomaji, kisa hiki si cha majirani peke yao. Kila mwaka viongozi wetu husafiri kwenda kuwatafuta wenye mitaji, na kila mwaka tunasikia kwamba kiwanda kipya kitafunguliwa mahali fulani. Sisi hatuvipingi viwanda. Kijana asiye na kazi hana haja ya kuhubiriwa ubaya wa kiwanda, anataka kazi. Lakini kuna njia ya haki ya kufungua kiwanda katika nchi maskini, na kuna njia nyingine. Hawassa inatuonyesha kwamba hata pale ukuta, paa na bomba la maji vilipopangwa vizuri, kazi yote huweza kuharibika kwa sababu ya jambo moja lililoachwa bila kujadiliwa na wanaohusika, yaani mshahara.

KWA NINI WALIKWENDA HAWASSA

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, lenye ghorofa nane, liliporomoka huko Savar, karibu na mji wa Dhaka katika nchi ya Bangladesh. Ndani yake mlikuwa na viwanda kadhaa vya nguo. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani na watu wakatolewa nje. Kesho yake wafanyakazi wa viwandani waliamriwa warudi kwenye cherehani zao. Walikufa watu 1,134.

Baada ya msiba huo makampuni ya nguo ya Ulaya na Marekani yalikuwa na aibu na hofu. Mengine yalianza kutafuta nchi mpya, ambako wangeweza kuanza upya na majengo salama. Kampuni ya Kimarekani iitwayo PVH, yenye alama za Calvin Klein na Tommy Hilfiger, ilikuwa mbele katika jambo hilo. Iliichagua Ethiopia, ikafungua kiwanda Hawassa kwa kushirikiana na kampuni ya Kihindi, na ikawavuta wengine wanaoiuzia nguo waje nao.

Serikali ya Ethiopia nayo ilikuwa na haja yake. Nchi ina watu zaidi ya milioni 100, wengi wao vijana, na ardhi ya kulima haiwatoshi tena. Serikali ilitaka fedha za kigeni na ajira. Tena bidhaa za Ethiopia ziliingia Marekani bila ushuru kwa sheria ya AGOA, ambayo Marekani iliitunga mwaka 2000 kwa ajili ya nchi za Afrika. Basi serikali ikaweka mezani kila ilichokuwa nacho: nafuu ya kodi, mabanda yaliyokwisha kujengwa, umeme wa bei nafuu, na nguvu kazi ya bei ndogo. Hiyo ya mwisho haikufichwa. Wenye mitaji waliambiwa waziwazi kwamba mshahara wa Ethiopia ni mdogo kuliko wa Asia.

Hapa ndipo tatizo lilipozaliwa. Mwenye kiwanda alikuwako mezani, serikali ilikuwako, mnunuzi wa ng'ambo alikuwako. Mtu ambaye jasho lake lilikuwa linauzwa hakuwako.

HESABU YA DOLA 26

Mwezi wa Mei 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walitoa taarifa yao kuhusu Hawassa. Waliandika kwamba mshahara wa kuanzia wa mfanyakazi wa nguo katika eneo hilo ulikuwa dola 26 kwa mwezi, yaani kama birr 750 kwa bei ya wakati ule. Huo ulikuwa mshahara mdogo kuliko wote katika nchi zinazouza nguo nje. Kwa hesabu yao, mwenzake wa Bangladesh alipata dola 95, wa Kenya dola 207, na wa China dola 326.

Tuifanye hesabu wenyewe. Sheria ya Ethiopia inaruhusu saa 48 za kazi kwa wiki, yaani siku 6 za saa 8. Mwezi basi una siku 26 za kazi. Dola 26 kwa siku 26 ni dola moja kwa siku. Igawe kwa saa 8 utapata senti kumi na mbili na nusu za dola kwa saa moja ya kushona mashati yatakayouzwa kwa makumi ya dola katika maduka ya New York.

Kweli, viwanda vingi viliongeza posho ndogondogo, kama vile ya chakula na ya kutokosa kazini. Lakini mfanyakazi wa shamba la chai au la mkonge anajua vizuri posho za namna hiyo. Ukiugua siku mbili, posho imekwenda. Mshahara ni ule ulioandikwa, mengine ni ya kuombea.

Ilikuwaje dola 26 ziwe halali? Ni kwa sababu Ethiopia haikuwa na kima cha chini cha mshahara kwa waajiri binafsi. Sheria mpya ya kazi ya mwaka 2019 ilisema iundwe bodi ya kupanga kima hicho, lakini miaka ilipita bila kiwango kutangazwa. Sheria hiyohiyo ilikuwa na mambo mema pia, mathalani likizo ya uzazi ya siku 120. Lakini likizo ndefu juu ya mshahara usiotosha ni sawa na blanketi juu ya tumbo lenye njaa.

MSICHANA ALIYETOKA KIJIJINI

Wengi walioajiriwa Hawassa walikuwa wasichana wa miaka 18 hadi 25. Waliandikishwa vijijini kupitia ofisi za serikali za mitaa, wakapimwa wepesi wa vidole na kusoma kwao, kisha wakapelekwa mjini. Wengi wao hawakuwa wamewahi kufanya kazi ya mshahara. Wazazi waliwaruhusu kwa sababu waliambiwa kwamba binti atakuwa fundi na atasaidia nyumbani.

Eneo la viwanda lilikuwa na mabanda ya mashine, lakini halikuwa na nyumba za kutosha za wafanyakazi. Maelfu ya wasichana waliingia kwa pamoja katika mji ambao haukuwa umejitayarisha kuwapokea, na kodi za vyumba zikapanda. Wanne au zaidi walichangia chumba kimoja, mara nyingine wakilala chini. Ukitoa kodi, ukatoa chakula, ukatoa sabuni, dola 26 zilikuwa zimekwisha kabla ya mwezi kwisha. Yule aliyetumwa mjini aisaidie familia ikawa familia ndiyo inayompelekea unga.

Kulikuwa na shida ya usiku pia. Zamu ya jioni ilipomalizika, basi liliwafikisha barabara kuu, kisha msichana alitembea gizani hadi chumbani kwake. Wapo waliosumbuliwa na hata kushambuliwa njiani. Jambo hili halikuandikwa katika ramani ya mhandisi, kwa sababu ramani ya mhandisi huishia kwenye uzio. Lakini siku ya kazi ya mfanyakazi haianzii kwenye uzio wala haiishii hapo. Inaanzia mlangoni pake na inaishia mlangoni pake.

Ndani ya mabanda kulikuwa na shida ya lugha. Wasimamizi wengi walitoka Sri Lanka, India na nchi nyingine za Asia, ambako walikuwa wamezoea mafundi wa miaka mingi. Msichana alizungumza Kisidama, na Kiamhari kidogo. Msimamizi alizungumza Kiingereza, na kilipomshinda alitumia sauti kubwa. Baadhi ya viwanda vililalamika kwamba wafanyakazi ni wavivu na wazito. Watafiti walieleza sababu kwa urahisi zaidi. Mtu aliyefundishwa kwa wiki chache tu, akilipwa kiasi kisichomshibisha, hawezi kushona kwa kasi ya fundi aliyekaa kwenye mashine miaka kumi.

WALIPIGA KURA KWA MIGUU

Wafanyakazi wasio na chama wana njia mbili za kujibu. Moja ni kuondoka, na waliondoka. Taarifa ya 2019 ilisema kwamba kwa wastani viwanda vya Hawassa vilikuwa vinabadilisha wafanyakazi wote kila baada ya miezi 12. Hebu fikiri kuhusu kiwanda ambacho kila Januari kinaanza na watu wasiojua kazi. Sindano zinavunjika, mishono inakataliwa, meli inaondoka bila mzigo. Mwenye kiwanda aliyedhani amepata nguvu kazi ya bei ndogo alikuwa analipa gharama hiyo kwa mlango mwingine.

Uchunguzi mwingine ulithibitisha jambo hilo kabla ya Hawassa kujaa. Wataalamu wawili, Christopher Blattman na Stefan Dercon, walifuata vijana karibu elfu moja wa Ethiopia walioomba kazi kwa waajiri watano. Kati ya waajiri hao walikuwamo wa viwandani na wa mashamba. Kwa bahati nasibu wengine walipewa kazi, wengine walipewa mafunzo ya biashara pamoja na dola kama 300, na wengine hawakupewa kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Theluthi moja ya waliopewa kazi waliiacha katika mwezi wa kwanza, na robo tatu na zaidi walikuwa wameiacha kabla ya mwaka kwisha. Kipato chao hakikuwazidi sana waliokosa kazi, lakini afya yao ilikuwa mbaya zaidi. Waliopewa fedha kidogo za kujianzishia shughuli zao waliwazidi wenzao kipato kwa karibu theluthi. Kweli, vijana hao walipotazamwa tena baada ya miaka mitano, tofauti nyingi kati ya makundi zilikuwa zimetoweka. Yaani hata mtaji mdogo haukuwa dawa ya milele. Lakini jibu kuhusu kiwanda lilikuwa wazi: kazi ya kulipwa vibaya haimtoi mtu katika umaskini, inampumzisha hapo kwa muda, na mara nyingine inamwondolea afya.

Njia ya pili ni kugoma bila mpango. Mwezi wa Machi 2019 maelfu ya wafanyakazi wa Hawassa waliweka chini mikasi kwa siku kadhaa. Walidai mshahara, walilalamikia maji ya kunywa, na walilalamikia kusumbuliwa na wanaume. Mgomo ulizuka kama moto wa nyasi na ukazimika vivyo hivyo, kwa kuwa hapakuwa na kamati ya kujadiliana wala karatasi ya kutia sahihi.

CHAMA KILIKUWA WAPI?

Mtu anaweza kudhani kwamba Ethiopia haina vyama vya wafanyakazi. Sivyo. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Ethiopia, CETU, liliundwa mwaka 1963. Mwaka huohuo Ethiopia iliridhia mikataba miwili mikubwa ya Shirika la Kazi Duniani: namba 87 ya uhuru wa kujiunga na vyama, na namba 98 ya haki ya kujadiliana kwa pamoja. Sheria ya nchi inawaruhusu wafanyakazi kuunda chama kiwandani ikiwa wamefika watu 10. Lipo pia shirikisho la wafanyakazi wa nguo, ngozi na mavazi.

Kwenye karatasi, basi, mambo yote yalikuwa sawa. Kwenye lango palikuwa na askari. Eneo la viwanda lilikuwa na uzio, na kiongozi wa chama hakuingia bila kibali. Waajiri wengi hawakutaka chama, na maofisa waliohangaika kuwavuta wenye mitaji hawakutaka kuwaudhi. Polepole, baada ya miaka ya kugonga hodi, vyama vilianza kuundwa katika baadhi ya viwanda. Lakini miaka ile ya kwanza, ambayo ndiyo ya kupanga mshahara, zamu, usafiri na chakula, ilikuwa imekwisha kupita.

Hilo ni funzo kwetu. Chama kinachoitwa baada ya mambo kupangwa huitwa kuja kuzima moto. Chama kinachotakiwa ni kile kinachokaa mezani siku ya kupima kiwanja.

MNUNUZI ALIPOONDOKA

Novemba 2020 vita vilianza katika jimbo la Tigray, kaskazini ya nchi. Hawassa iko kusini, mbali na mapigano, na hakuna fundi wa cherehani aliyeulizwa kuhusu vita hivyo. Hata hivyo, Novemba 2021 kampuni ya PVH ilitangaza kwamba inafunga kiwanda chake cha Hawassa. Tarehe 1 Januari 2022 Marekani iliiondoa Ethiopia katika orodha ya AGOA kwa sababu ya mambo yaliyotendeka katika vita. Shati lililoingia bila ushuru jana likatozwa ushuru leo. Oda zikapungua, viwanda vingine vikafunga au vikapunguza watu, na maelfu wakarudi vijijini.

Hatusemi kwamba Marekani isingekasirishwa na vita. Tunasema hivi: aliyeadhibiwa ni msichana wa Kisidama aliyekuwa akilipwa dola moja kwa siku. Na kwa mshahara ule hakuweza kuweka akiba hata ya mwezi mmoja wa kungojea kazi nyingine.

Kisha Julai 2024 serikali iliacha thamani ya birr iamuliwe na soko. Kabla ya hapo dola moja ilikuwa birr kama 57. Haukupita muda mrefu ikazidi birr 100. Birr 750 zile za mwaka 2019, zikibadilishwa kwa bei hiyo, zisingefika hata dola 8. Mishahara ilikuwa imeongezwa kidogo kati ya miaka hiyo, lakini nyongeza iliyeyuka kama barafu juani. Mshahara usiofungwa na bei ya vitu sokoni ni ahadi iliyoandikwa mchangani.

SISI INATUHUSU NINI?

Wapo watakaosema: haya ni ya Waethiopia, sisi dola 207 zetu si haba. Ndugu zangu, hapo ndipo tunapojidanganya.

Kwanza, hata hizo 207 hazikuanguka kutoka mbinguni. Sheria ya Kenya ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, yaani EPZ, ilipitishwa mwaka 1990, na kwa miaka mingi vyama vilizuiliwa kwenye malango ya Athi River kama vile vya Ethiopia vilivyozuiliwa Hawassa. Mapema mwaka 2003, baada ya uchaguzi wa Desemba 2002, maelfu ya wafanyakazi wa viwanda hivyo waligoma kwa sababu ya mshahara, saa za ziada na maneno ya dharau. Wengine walipoteza kazi. Ni baada ya machungu hayo milango ilipoanza kufunguka kidogo kidogo.

Pili, mwenye mtaji ana miguu mirefu kuliko yetu. Wafanyakazi wa maua wa Naivasha wanajua. Katikati ya miaka ya 2000 mashamba makubwa ya maua yalianza kufunguliwa kando ya ziwa Ziway, kwenye barabara hiyohiyo kati ya Hawassa na Addis Ababa. Tangu hapo, kila wanapokaa kujadili mkataba, neno "Ethiopia" huweza kuwekwa mezani kama fimbo. Mshahara mdogo wa jirani ni shimo karibu na nyumba yako. Leo kaanguka yeye, kesho utaanguka wewe.

Kwa hiyo kumtetea mfanyakazi wa Hawassa si huruma tu. Ni kulinda ugali wetu wenyewe. Tajiri akijua kwamba kuanzia Hawassa hadi Athi River, na kuanzia Morogoro hadi Maseru, mfanyakazi hapatikani kwa bei ya njaa, hatakuwa na mahali pa kututishia napo.

MASWALI YA KUULIZA KABLA LANGO HALIJAFUNGULIWA

Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 1977 azimio lake kuhusu makampuni yenye matawi katika nchi nyingi. Ndani yake yamo mambo matatu yanayotuhusu. Mshahara katika nchi zinazoendelea utosheleze mahitaji ya lazima ya mfanyakazi na jamaa zake. Serikali inapowavuta wenye mitaji isiwape kama zawadi haki ya wafanyakazi ya kuungana. Na kampuni inayotaka kufunga itoe taarifa mapema kwa serikali na kwa wawakilishi wa wafanyakazi. Azimio hilo halina askari wa kulisimamia. Askari wake ni sisi.

Basi kila tusikiapo kwamba kiwanda kinakuja, au shamba jipya linapandwa, tuyaulize haya, na tuyaulize mapema.

Kwanza: mshahara umepimwa kwa kitu gani? Usipimwe kwa mshahara wa nchi iliyo maskini zaidi. Upimwe kwa kodi ya chumba, unga, mafuta, nauli na ada ya shule katika mji huohuo, na utazamwe upya kila bei zinapopanda.

Pili: watu watalala wapi? Anayepanga kuajiri watu elfu kumi aonyeshe vyumba vya watu elfu kumi, ama vyake, ama vya serikali, ama vya ushirika.

Tatu: watarudi vipi nyumbani usiku? Taa za barabarani na basi linalofika mtaani ni vyombo vya kazi, sawa na mashine.

Nne: nani atawasimamia, na kwa lugha gani? Msimamizi mgeni ajifunze lugha ya watu, na wenyeji wafundishwe kazi ya usimamizi kwa muda uliowekwa.

Tano: mlango wa chama uko wazi? Kibali cha kuingia kiandikwe katika mkataba wa kukodisha banda, kabla ya mashine ya kwanza kufungwa.

Sita: mnunuzi amefungwa na nini? Baada ya Rana Plaza, mwezi wa Mei 2013, vyama vya kimataifa vya IndustriALL na UNI vilitia sahihi mapatano ya usalama wa majengo na makampuni ya nguo. Baadaye yakafika zaidi ya 200. Mapatano hayo yalikuwa na nguvu ya sheria, na viwanda zaidi ya 1,600 vilikaguliwa. Yaani inawezekana kumfunga mnunuzi. Kinachobaki ni kumfunga katika mshahara kama alivyofungwa katika nguzo na ngazi za moto.

Saba: kikifungwa, nani atalipa? Kampuni inayopewa nafuu ya kodi kwa miaka kumi inaweza kuweka benki, tangu siku ya kwanza, fedha za malipo ya kuachishwa kazi. Hawassa inatufundisha kwamba siku ya kufunga huja kwa sababu ambazo hazimo mikononi mwa mfanyakazi.

NENO LA MWISHO

Mabanda ya Hawassa bado yamesimama, na viwanda vingine vinaendelea kushona humo. Hatuwatakii mabaya. Tunatamani yajae watu, na watu hao walipwe vya kutosha, wakae kazini miaka kumi, wawe mafundi wa kweli, wajenge nyumba na kusomesha watoto. Hilo linawezekana. Nchi nyingine zimelifanya.

Lakini tusikubali tena kuambiwa kwamba haki itakuja baadaye, kiwanda kikishakomaa. Msingi wa nyumba hauwekwi baada ya paa. Mwakilishi wa wafanyakazi, peleka maswali haya saba katika mkutano wenu ujao wa tawi. Yasomeni pamoja, yaongezeni ya kwenu, na mkisikia kwamba kuna kiwanda au shamba linalotarajiwa kufunguliwa wilayani kwenu, msisubiri sherehe ya kukata utepe. Nendeni mkaulize wakati kiwanja bado ni majani.